Mota ya Jumatatu

3 Februari

Kaka,

Swali ambalo nimeshindana nalo tangu nilipotoka chuo kikuu na kuketi kwenye meza hii ni hili: ni nani mwenye haki ya kumwita mtu mwingine fundi? Je, ni aliyemfundisha, au ni aliyemtahini, au labda ni yule anayelala ndani ya kuta alizojengewa? Kila nikidhani nimelipata jibu, hunitoka kabla sijafika mwisho wa sentensi.

Nakuandikia kwa sababu swali hilo sasa limetungiwa kanuni. Kuanzia katikati ya mwezi huu, hakuna atakayeandikwa fundi kwenye jengo lenye ghorofa bila cheti cha ofisi yetu. Nilikuwa miongoni mwa walioiandaa. Najua unavyoitazama karatasi hii, kwani wewe ndiye uliyenisomesha kwa mwiko wako, nami leo nakudai karatasi. Lakini majengo yanaongezeka, waashi hawatoshi, na kila mwaka tunatakiwa kutoa elfu moja. Pasipo kipimo, yeyote mwenye ndoo atajiita mwashi, na wanaoumia ni wanaoingia ndani ya nyumba wakiamini.

Kuna mtihani maalumu kwa waliojifunzia kazini kama wewe. Sehemu moja ni ya vitendo, nyingine ya kuandika. Nenda ukaufanye. Mtu aliyejenga miaka thelathini na mmoja hawezi kushindwa na karatasi mbili.

Je, mwanao Kitinda amepata kazi? Alihitimu Novemba akiwa wa kwanza chuoni, na tangu hapo hajaniandikia hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
wa ofisi ya mitaala


19 Februari

Kwako Bibi Mitaala, mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa msaada.

Mtihani nimeufanya, nimeanguka. Usishtuke. Ukuta niliumaliza mapema. Mtahini akaweka pima maji yake juu, akaitazama, akaigeuza upande wa pili akidhani imeharibika. Hapo nilikuwa nacheka moyoni. Kisha ikaja karatasi. Nikaulizwa nitaje uwiano wa saruji na mchanga. Nikamwomba mtahini anioneshe huo mchanga. Akanijibu kwa heshima kabisa, "Mzee, mchanga ni wa kwenye swali." Sasa mchanga wa kwenye swali una udongo au hauna? Umetoka mtoni au umechimbwa shimoni? Nikaandika: itategemea. Nikapewa sifuri, tena wameizungushia duara nisije nikaikosa.

Kwa hiyo sasa mimi ni saidia fundi. Jengo ni lilelile la ofisi, ghorofa mbili, ambalo msingi wake niliuweka kwa mikono hii. Wameletwa vijana watatu wenye vyeti, na mmoja wao ndiye fundi wangu. Ana miaka ishirini na miwili. Ninamchanganyia saruji na mchanga kuwa mota, ninambebea karai na kumpangia tofali. Anajenga kwa kasi na anajenga wima, sitamsengenya. Ila ana jambo moja linaloninyima usingizi. Mota niliyoichanganya asubuhi ikianza kukaza, anaitia maji na kuendelea nayo. Hata baada ya chakula cha mchana anaitia maji. Nani aliwafundisha hivyo?

Kitinda hajambo. Amepata kazi hukuhuku. Akitulia atakuandikia mwenyewe.

Kaka yako,
ambaye hapa kazini bado wanamwita Timazi, ingawa timazi yenyewe, ile kamba ya kupimia wima wa ukuta, wamemnyang'anya


2 Machi

Kaka,

Niliomba karatasi yako ya mtihani niione kwa macho yangu. Jibu lako ni sahihi, na sifuri yako nayo ni sahihi, kwa maana mtahini aliruhusiwa kukubali jibu moja tu. Jibu hilo nililiandika mimi. Nimekaa na karatasi hiyo mchana kutwa bila kujua kama ninapaswa kukuomba radhi au kukufafanulia.

Kuhusu fundi wako na maji yake, naomba unisikilize bila kukasirika. Mtu aliyeshika mwiko miaka thelathini na mmoja, kisha akapewa karai, ni vigumu kumtazama kwa jicho la haki yule aliyeuchukua mwiko huo. Mimi nisingeweza. Inawezekana unaona kosa mahali penye tofauti ya mikono tu. Inawezekana pia kwamba ninakosea, na ninaandika haya kwa kuwa ni rahisi kuyaamini.

Mwongozo wetu, ukurasa wa arobaini na moja, unasema wazi: mota ya saruji itumike ndani ya saa moja na nusu tangu ichanganywe, na ikizidi hapo itupwe. Hakuna anayehitimu bila kuulizwa jambo hilo. Kwa hiyo fundi wako analijua. Mkumbushe kwa upole.

Mpe Kitinda salamu zangu. Wakubwa wangu walipoziona alama zake waliniuliza kama tuna udugu. Nilijibu ndiyo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mdogo wako


14 Machi

Mdogo wangu,

Umeniuma na kunipuliza. Nimevumilia. Ila kijicho sina, na ningekuwa nacho ningekitia kwenye karai nikibebe pamoja na vitu vingine.

Nikueleze jambo ambalo halikuwa kwenye mtihani. Saruji ikishaanza kushika haitaki kuguswa. Ukiitia maji inakudanganya. Inalainika, inateleza mwikoni kama ya asubuhi, ukuta unapanda umenyooka na kila anayepita anakusifu. Subiri ikauke, kisha ikwaruze kwa msumari. Inamomonyoka kama unga. Ukuta wa namna hiyo umesimama kwa sababu tu hakuna aliyeusukuma.

Nilimwambia msimamizi. Akaniuliza kama mimi ni wa karai au wa maabara, watu wakacheka, nikarudi kwenye karai. Nikamwuliza fundi wangu mwenyewe. Akaniambia kwamba chuoni rundo la Jumatatu walilitumia mpaka Ijumaa. Wanalifunika kwa magunia, asubuhi wanalitia maji, wanalikoroga, wanajenga. Ijumaa mchana wanabomoa kuta zote, wanazifuta tofali na kuzipanga kwa ajili ya juma lijalo.

Mota inayoishi juma zima si ya saruji, mdogo wangu. Hiyo ni chokaa na mchanga. Nataka uniambie kama ni kweli, na kama ni vyuo vyote. Maana kama ni vyote, basi tatizo si fundi wangu peke yake. Mimi hapa nikipata nafasi naimwaga mota iliyochelewa na kusingizia nimejikwaa. Wameshaanza kuniita Mzee Kujikwaa. Huko kwenye majengo mengine, nani anajikwaa?

Kaka yako


27 Machi

Kaka,

Ni kweli, na ni vyuo vyote kumi na kimoja.

Miaka minne iliyopita mgao wa saruji kwa ajili ya mazoezi ulipunguzwa wakati uleule tulipoagizwa kuongeza wanafunzi mara tatu. Tofali iliyoshikwa na saruji haibanduki ikafaa tena. Ya chokaa inabanduka. Iliamuliwa kwamba mazoezi yafanywe kwa chokaa na mchanga, na kwamba sifa za saruji zifundishwe darasani, kwa kitabu. Wakati huo hoja ilionekana nzuri: mkono ujifunze kupanga, kichwa kijifunze kemia. Nimehesabu waliopita chini ya utaratibu huo. Wanazidi elfu tatu.

Sitaki kusema kwamba wote wanafanya kama fundi wako. Sina ushahidi wa hilo, na mfano mmoja haujengi kanuni. Lakini nimeanza kushuku kwamba tuliwafundisha watu wawili ndani ya mwili mmoja, mmoja anajua na mwingine anafanya, na hatukuwahi kuwakutanisha.

Ninaandaa waraka kwa vyuo na kwa wakandarasi. Utapita kwa wakuu watatu kabla ya kutoka. Naomba subira. Wakati huohuo nitajie fundi wako ni nani na alihitimu chuo gani, nimwite ofisini afundishwe upya kimyakimya, bila kuharibiwa jina.

Mdogo wako


5 Aprili

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Baba amenikataza kukuandikia habari za kazi, ndiyo maana ninaandika wakati huu wa chakula, nimekalia tofali na karatasi nimeiweka juu ya goti. Usimwambie.

Fundi wa baba ni mimi.

Nilipangiwa jengo hili bila kuchagua. Siku ya kwanza nilimkuta amesimama kando ya rundo la mchanga na sepetu mkononi, na msimamizi akaniambia, "Huyu ndiye atakayekusaidia, mzee mzuri, ila mtihani umemshinda." Sikuwa na pa kuficha uso. Baba akaniinamia kidogo, akasema, "Habari ya asubuhi, fundi." Tangu hapo hapa kazini huniita fundi, na nyumbani huniita mwanangu. Jioni ninampaka mafuta vidoleni, maana saruji imempasua. Tunazungumza mambo mengine.

Kuna seremala hapa, mrefu na mwembamba, jina lake Msumari. Anasema na yeye ameomba aletewe babu yake amshikie msumeno. Ana mdomo lakini si mbaya. Anamwachia baba kivuli chake saa za jua kali.

Sasa shida yenyewe. Baba hapendi ninavyotia maji kwenye mota. Kila siku ni vita. Juzi nilimkuta anaimwaga, karai zima, kazi yake mwenyewe ya asubuhi. Nikamwambia mbele ya watu, "Baba, mwenye cheti ni mimi." Watu wakacheka. Yeye akasema, "Ndiyo, fundi," akaenda kuchota mchanga. Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Shangazi, swali la kumi na nne la mtihani, lile la muda wa mota, nililipata. Saa moja na nusu ninaijua. Lakini mkono wangu haujui saa. Miezi kumi na minane asubuhi yangu ilianza kwa kumimina ndoo ya maji juu ya rundo la jana. Nikiona mota inakaza, mkono unakwenda kwenye ndoo kabla sijafikiri, na ikilainika najisikia kama nimefanya kazi vizuri. Tena hakuna ukuta wangu hata mmoja uliowahi kuiona Jumamosi. Kwa hiyo sijui ukuta mbaya unafananaje ukikauka. Hizi nilizozijenga hapa zinaonekana vizuri tu.

Baba ana haki, au ni uzee na uchungu? Mwishoni mwa mwezi huu tunaanza kupandisha ukuta wa ubavuni wa ghorofa ya juu, ule mrefu unaokwenda mpaka kwenye paa. Niambie wewe. Wewe nitakuamini.

Mwanao,
Kitinda


13 Aprili

Kitinda mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kupokea barua yako, ingawa yaliyomo yamenipa mengi ya kutafakari.

Kuhusu ulichoniuliza, ni vyema, kwa kadiri mazingira ya kazi yanavyoruhusu, kuzingatia maelekezo ya ukurasa wa arobaini na moja. Tofauti kati ya vifaa vya mazoezi na vifaa vya ujenzi halisi ni suala ambalo ofisi inalishughulikia, na ufafanuzi utatolewa kwa waraka hivi karibuni. Nisingependa kuutangulia. Kwa sasa, baba yako ana uzoefu unaostahili kusikilizwa, japokuwa uzoefu nao si kipimo cha mwisho cha jambo lolote.

Usivunjike moyo kwa mlichosemezana. Endelea na kazi kwa uangalifu.

Shangazi yako


9 Mei

Mdogo wangu,

Naandika kutoka mahabusu. Karatasi ni moja, kwa hiyo nitasema yaliyo muhimu.

Ukuta wa ubavuni ulianguka Jumanne ya juma lililopita, saa tisa alasiri. Haukuwa upepo wa kutisha, ni ule tu wa kurusha vumbi na kupeperusha magunia. Sikuwapo ulipokuwa ukijengwa. Siku mbili walizoupandisha nilikuwa nimepelekwa kumwagilia zege la upande wa pili, na aliyewekwa kwenye karai ni mtu anayetii. Nilipourudia ulikuwa umekauka. Nikaukwaruza kwa msumari, ukamomonyoka. Nikaenda kwa msimamizi. Akasema, "Mzee, ukuta umenyooka kuliko wewe." Siku ya nne ulianguka.

Seremala, yule Msumari, alikuwa chini anakata mbao za paa. Niliondoa tofali kwa mikono pamoja na wenzangu. Hazikuwa na kitu cha kubanduliwa, zilikuwa safi kama zimetoka kiwandani. Alikuwa ameshakufa. Ameacha mke na watoto wawili.

Walipouliza nani alichanganya mota, nikasema ni mimi. Walipouliza nani aliitia maji, nikasema ni mimi, kwa uvivu wa kuchanganya upya, na kwamba fundi hakuwa na habari. Hawakuuliza tena. Nilidhani nitahitaji kupanga uongo mrefu, lakini walikuwa nao tayari, walikuwa wananingoja mimi tu. Mzee aliyeanguka mtihani, asiye na cheti. Mpelelezi aliandika mpaka akatabasamu.

Sasa nisikilize. Habari za chokaa usizitaje. Ukizitaja watauliza ni nani aliyefundishwa hivyo na alijenga nini, na watafika kwa mtoto kwa hatua mbili. Mimi nimeshajenga. Nina nyumba ngapi zimesimama, hata sizijui idadi. Yeye ana ukuta mmoja, na ndio huo. Ninajua kwamba nilikuficha kuwa yeye ndiye fundi wangu. Nilihofia utamwita ofisini na cheti kitachukuliwa, na nilijiona nitaweza kujikwaa mpaka ajifunze. Hesabu yangu ilikuwa mbaya.

Alikuja kuniona nikakataa kutoka. Nikimwona nitasema kweli.

Kaka yako


16 Mei

Shangazi,

Nilikwenda kwa mpelelezi nikamwambia ni mimi niliyetia maji. Alinikaribisha kiti. Akafungua jalada, akanionesha cheti changu na majibu yangu ya mtihani, yaliyoletwa kutoka ofisini kwenu. Akaweka kidole kwenye swali la kumi na nne. "Umelipata," akasema. "Mtu anayejua hivi hawezi kufanya vile. Nenda nyumbani, binti. Kumpenda baba yako si kosa." Nikarudia. Nikamweleza rundo la Jumatatu, magunia, ndoo ya asubuhi. Akaniuliza kama nina maandishi yoyote kuhusu hilo kutoka chuoni. Sina. Akanifungulia mlango.

Nilikwenda kwa mke wa marehemu nikamwambia pia. Akasema nisimwongezee mtu wa pili wa kumchukia, hana nguvu hizo.

Barua yako ilifika siku ileile tulipoanza kuupandisha ule ukuta. Niliisoma mara nne. Ulisema uzoefu wa baba si kipimo cha mwisho cha jambo lolote, nami nikashika hapo. Sikulaumu. Nilikuwa natafuta pa kushika, nawe ulinipa.

Msimamizi ameniambia nirudi kazini Jumatatu tuanze ukuta upya. Anasema bila yule mzee kazi itakwenda vizuri. Nimekaa na mwiko nyumbani siku tatu, sijaugusa. Nyinyi mna maandishi, shangazi. Maneno yangu hayaingii popote. Ya kwenu yataingia. Tafadhali andika.

Kitinda


2 Juni

Kaka,

Nina mambo matatu ya kukiri, na nitayaandika bila kuyapamba, ingawa kupamba ndiyo kazi niliyosomea.

La kwanza. Niliwahi kukuandikia kwamba "iliamuliwa" mazoezi yafanywe kwa chokaa. Ni mimi niliyeamua. Wengine walitia sahihi, lakini pendekezo lilikuwa langu, kurasa mbili, na nilipongezwa kwa ubunifu. Sikuona mtu yeyote akiumia ndani ya kurasa zile. Niliona tofali zikirudi safi na wanafunzi wakiongezeka.

La pili. Kitinda aliniomba nimwambie kama una haki. Jibu la kwanza nililoliandika lilikuwa na mistari miwili: baba yako ana haki, na tangu leo usitie maji hata tone. Nikalichana. Niliogopa kwamba barua ile ingeoneshwa msimamizi, kisha ingerudi mezani kwa wakubwa wangu kabla ya waraka wangu. Badala yake nikamwandikia ile unayoijua, au labda huijui. Muulize, kama siku moja utakubali kumwona. Nilidhani ninakuwa mwangalifu. Leo sina uhakika kwamba kati ya uangalifu na woga kuna ukuta wowote.

La tatu ndilo zito. Mpelelezi aliiomba ofisi maelezo ya kitaalamu: je, fundi aliyehitimu kwetu angeweza kutia maji kwenye mota iliyoanza kushika? Kazi hiyo ilipewa mimi. Niliandika kurasa nne. Niliweka humo kila kitu, chokaa, magunia, pendekezo langu lenye tarehe na sahihi, na hesabu ya wale elfu tatu na zaidi. Mkuu wangu alizisoma zote mbele yangu, kwa adabu, bila kukunja uso. Kisha akaniambia kwamba nimejibu swali ambalo halikuulizwa. Aliniuliza kama niko tayari vyeti vya miaka minne vifutwe kwa siku moja, majengo yasimame, na vijana wote wale warudi nyumbani na mikono mitupu, akiwemo mpwa wangu. Akanisogezea karatasi yenye sentensi moja: mafunzo yetu yanaeleza wazi kwamba mota ya saruji itumike ndani ya saa moja na nusu, na kila mhitimu hutahiniwa juu ya jambo hilo.

Hakuna neno la uongo katika sentensi ile. Nililitafuta nikiwa na kalamu mkononi, sikuliona. Nikatia sahihi.

Kwa hiyo utahukumiwa, kaka, na ushahidi utakaokutia hatiani umeandikwa kwa mkono wa mtu uliyemfundisha kushika kalamu. Waraka wangu nao umetoka. Wakuu watatu waliupitia, kila mmoja akaondoa kidogo. Chokaa haimo tena. Kilichobaki ni onyo kwamba wasaidizi wasio na vyeti wasiruhusiwe kuchanganya mota bila kusimamiwa, na tukio lenu limetajwa kama mfano. Wanafunzi wapya wa vyuo vyote kumi na kimoja waliripoti jana. Nilipita kwenye uwanja wa mazoezi wa chuo kilicho karibu nasi. Rundo lilikuwa limefunikwa magunia.

Kitinda hajarudi kazini. Nilikwenda kumwona. Hakuniamkia. Alinipisha kiti, akaketi upande wa pili wa chumba. Sikumwambia kuhusu sahihi. Nadhani alijua, kwa sababu hakuniomba tena niandike.

Ungeweza kusema kwamba nimefanya ulichoniomba. Ni kweli uliniomba ninyamaze, na nimenyamaza. Hapo ndipo nimekwama, na sitaki kukudanganya kwamba nitakwamuka. Ninapoutazama mkono wangu ukitia sahihi, siwezi kujua kama ulikuwa unakutii wewe au unaniokoa mimi. Kama mngenitaka mambo mawili tofauti, wewe na woga wangu, ningejipima kwa kuona nilimfuata nani. Lakini mlinitaka jambo lilelile, siku ileile, kwenye karatasi ileile, na sina kipimo cha kuwatenganisha. Nimejaribu kujiuliza ningefanya nini kama ungeniomba niseme. Ninapenda kuamini kwamba ningesema. Siamini sana.

Mdogo wako